Umri wa Jibu: Safari ya Kwanza Maparoni

Nilikwenda Maparoni, kijiji cha delta ya Rufiji, kwa sababu ya namba moja: 86400. Ni sekunde za siku nzima, na kwenye rekodi za majina ya intaneti ndiyo inayosema jibu likae kwa muda gani kwa aliyeuliza kabla hajalazimika kuuliza tena. Mafundi huiita TTL. Nikiwa mezani kwangu Dar es Salaam, kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Nilitaka kuona inavyomfikia karani wa diko la wavuvi anayepima kaa na kamba katikati ya mikoko ya Rufiji, maana yeye huitegemea kila siku bila kuijua.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Makarani wa madiko kadhaa ya delta huandika kwenye simu uzito wa mzigo, aina yake, jina la mvuvi na bei ya siku hiyo. Taarifa hutumwa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, na huko husomwa na wanunuzi na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile ambavyo pwani yote vinaitwa BMU. Seva hiyo imechoka. Ilikuwa imeshaamuliwa kwamba kazi yake ihamie kwenye wingu, katika vituo ambavyo Amazon ilivifungua Cape Town mwaka 2020, na kwamba rekodi za jina ziende Route 53, huduma ya kampuni hiyohiyo iliyoanza Desemba 2010 na kubeba namba ya mlango ambao maswali ya majina hupitia kwenye kompyuta, 53. Kazi ya kuhamisha nilikabidhiwa mimi.

Kuhama kuna desturi yake. Siku kadhaa kabla, umri wa jibu hushushwa kutoka 86400 hadi 300, yaani dakika tano. Siku ikifika, rekodi ya aina ya A, ile inayolifunga jina na anwani ya namba, huelekezwa kwenye seva mpya. Dakika tano zikipita, kwa hesabu ya mezani, kila aliyekuwa na anwani ya zamani ameshaitupa na kuuliza upya. Kisha umri hupandishwa tena. Hesabu hiyo inakwenda sawa pale ambapo simu iko hewani saa zote. Kuhusu vijiji vya delta hapakuwa na mtu ofisini aliyeweza kunihakikishia lolote, na hilo lilinitosha kufunga begi.

Mabasi ya kusini hupakia Mbagala Rangi Tatu, makondakta wakiita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, hata Kilwa. Ukishaiacha Mkuranga, barabara inashika mikorosho na minazi, magunia ya mkaa yamesimamishwa kando ya lami, mafungu ya mihogo yamepangwa juu ya mikeka. Nilishukia Kibiti, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji, kwa kuwa mgeni mwenye kazi vijijini hupiga hodi kwanza halmashauri na barua yake mkononi.

Nikiwa kwenye benchi nasubiri muhuri, niliitoa simu nikaliuliza jina la seva yetu. Jibu lilirudi kufumba na kufumbua.

Inafaa kueleza lilikotoka, maana bila hilo mambo ya mbele hayataeleweka. Simu haikwenda kutafuta yenyewe. Iliiuliza seva ya kuulizia majina ya kampuni ya simu. Kama mtu mwingine alikuwa ameshauliza jina hilohilo muda mfupi uliopita, seva hiyo ilijibu kutoka kwenye kashe, hifadhi yake ya muda, ikapitisha jibu pamoja na sekunde zilizosalia katika umri wake. Kama haikuwa nalo, ilipaswa kuanzia juu kabisa: kwenye seva za mzizi, ambazo majina yake ni 13, kuanzia A hadi M, ila nakala zake zimetawanywa dunia nzima, Nairobi ikiwamo. Mzizi uielekeze kwenye seva za .tz, kikoa cha nchi yetu, kilichokabidhiwa tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na TISPA, umoja wa watoa huduma za intaneti. Kutoka hapo ndipo ifike kwenye seva zenye mamlaka juu ya jina letu la .co.tz, zenye neno la mwisho. Maelekezo ya mzizi kuhusu .tz yameruhusiwa kuishi sekunde 172800, saa 48 kamili, ndiyo maana safari hiyo ndefu hufanywa kwa nadra. Karibu kila jina tunalolifungua kwenye simu tunajibiwa na kumbukumbu ya mtu wa kati.

Muhuri ulipogongwa nilirudi nyuma hadi Bungu, nikakata kuelekea baharini. Barabara ya Nyamisati ni kama kilomita 40, na hewa inabadilika kabla maji hayajaonekana: inakuwa nzito, yenye chumvi na harufu ya tope. Nyamisati ni gati ya wanaokwenda Kilindoni, Mafia. Wa delta hupakia kwenye boti ndogo, pamoja na magunia ya unga, mitungi ya gesi, mafuta ya taa na ndoo za rangi.

Nahodha wetu alikuwa mzee mwenye baraghashia iliyofifia, amekaa kwenye ukingo wa boti anasuka kamba.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ukae kivulini. Maji bado hayajaturuhusu."

Tukakaa. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko wowote Afrika Mashariki ulio mahali pamoja, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Boriti zilizokatwa humu zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda kuezeka nyumba za Uarabuni. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokuwa nacho ni picha ya jinsi maji yanavyoamua kila kitu. Yakipwa, njia ya boti inakuwa ukuta wa tope na mizizi. Yakijaa, mahali ulipoona kaa wanakimbia juu ya matope panapita boti yenye injini.

Tulipoingia ndani ya mikoko nahodha alipunguza mwendo. Mtumbwi ulikuwa unakuja kutoka mbele, vijana wawili, mmoja ameshika upondo. Nahodha akawaamkua, akauliza kama mkono mdogo wa kushoto unapitika. Wakasema unapitika, ila tusikawie. Akageuza. Mbele kidogo tulifika kwenye njia panda nyingine ya maji, ambayo asubuhi hiyohiyo alikuwa ameshaelezwa habari zake gatini. Hata hivyo alisubiri mvuvi mmoja aliyekuwa anatoa nyavu, akamuuliza upya.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia habari ya asubuhi.

"Habari ya kina ni ya maji hayahaya," akasema. "Yakigeuka, uliza tena. Ila mto mkubwa unakopita hakuna haja ya kumuuliza mtu, huo naujua tangu utoto."

Alikuwa amenieleza TTL vizuri kuliko kitabu chochote nilichosomea. Kila jibu kichwani mwake lilikuwa na umri wake: mkondo mkubwa miaka, fungu la mchanga kwenye kona mwezi, kina cha mkono mdogo hadi maji yageuke. Nilikaa na jambo hilo muda wote wa safari, kwa sababu kulikuwa na tofauti moja iliyonisumbua. Kwa nahodha, anayeamua jibu liishi muda gani ni yule anayesafiri. Kwenye intaneti anayeamua ni mwenye seva, aliyekaa mbali, na anayesafiri hupokea tu.

Delta hii iliwahi kuficha manowari nzima kwa sababu ya jibu lililoaminiwa kupita umri wake. Septemba 20, 1914, Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikatoweka. Ilikuwa imeingia humu. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani, na kwa mujibu wake njia za Rufiji hazikuweza kubeba meli ya ukubwa huo. Wajerumani walikuwa wamezipima upya muda si mrefu kabla ya vita kwa meli yao ya upimaji, Möwe. Waingereza walitafuta pwani nzima hadi mwisho wa Oktoba ndipo wakaiona, na hawakuweza kuimaliza hadi Julai 11, 1915, walipoleta Severn na Mersey, meli za mizinga zisizozama kina kirefu, zikiongozwa na ndege. Nilimtajia nahodha habari hizo. Akanionyesha kwa kidevu upande wa kaskazini, kuelekea mlango wa mto wa Simba Uranga, kisha akarudi kwenye usukani wake.

Maparoni inakupokea kwa minazi kwanza, ndipo nyumba: miti ya mikoko, udongo, makuti, hapa na pale bati linalong'aa na bamba la sola juu yake. Niliwaamkua wazee waliokuwa barazani, nikaonyesha barua kwa uongozi wa kijiji, nikapelekwa diko. Ofisi ni chumba kimoja. Mizani inaning'inia kwenye boriti, matenga ya kaa yamepangwa chini, kila kaa amefungwa magando, na mezani kuna simu ya kazi iliyoungwa kwenye betri ya sola. Karani ni binti aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa mkono, anayepima na kuandika bila kumtazama mvuvi usoni ili asishawishiwe na mtu.

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Ilikuwa anwani ya seva yetu.

"Hiyo ndiyo seva, dada," karani akaniambia. "Jina linachelewa. Namba inafika."

Nilimwomba anieleze ilikotoka. Akasema ilibandikwa ule msimu wa mafuriko. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, mashamba ya mpunga ya Kibiti na Rufiji yakazama. Mei 4 kikaja Kimbunga Hidaya kilichopiga upande wa Mafia. Watu hawajatulia, Mei 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa kukosa intaneti. Siku hizo, karani akasema, simu ilikuwa inaonyesha mtandao upo lakini mfumo haufunguki. Fundi aliyekuwa anashughulikia mfumo wakati huo alimpigia, akamtajia namba, yeye akaandika. Toleo la zamani la programu lina mahali pa kujaza anwani ya seva. Akafuta jina, akajaza namba. Ukafunguka.

Nilikaa chini. Seva yenyewe ilikuwa Dar es Salaam wakati wote huo, na mawasiliano ya ndani ya nchi yana njia yao isiyotoka baharini: TIX, kituo cha kubadilishana data ambapo watoa huduma wa Dar es Salaam wanakutana tangu mwaka 2004. Kutoka Maparoni hadi kwenye seva njia ilikuwa nzima. Kilichokuwa ng'ambo ni rekodi za jina, kwenye seva za kampuni moja ya nje iliyokuwa inatutunzia. Umri wa jibu ulipokwisha, seva ya kuulizia ya kampuni ya simu ilitaka kuuliza upya, na mwenye jibu alikuwa upande wa pili wa mkongo uliokatika. Mlango upo, njia ipo, na hakuna wa kukuelekeza. Fundi yule alifanya lililo sawa kwa siku ile.

Karatasi kama hiyo ndiyo iliyoiendesha intaneti nzima hapo mwanzo. Kabla ya mwaka 1983 kulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Menlo Park, California, katika kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Kila chuo na maabara waliinakili na kuiweka kwenye kompyuta zao. Mashine zikawa nyingi, faili ikawa ndefu, na nakala zilizozeeka zikabaki zinatumika bila mwenyewe kujua kwamba zimezeeka. Paul Mockapetris ndiye aliyebuni mfumo tulio nao, mwaka 1983, na maelezo yake yaliyoandikwa upya mwaka 1987 ndiyo yanayotumika mpaka leo kama msingi. Kwangu mimi kubwa alilolifanya ni kulipa kila jibu tarehe ya kufa. Nakala iruhusiwe, isambae, lakini ijue mwisho wake.

Karatasi ya Maparoni haina mwisho. Kama ningehamisha kila kitu Cape Town kwa desturi ile ya dakika tano, diko hili lingekatika siku hiyohiyo na kubaki limekatika, kwa sababu namba ya ukutani haiulizi mtu. Na haikuwa Maparoni peke yake. Karani alinitajia madiko mengine ambako aliwapa wenzake namba hiyo kwa simu.

Lakini neno lake kuhusu jina lilikuwa zito zaidi. Mikongo ilishatengenezwa tangu 2024, na jina bado linachelewa. Nilitaka kuona kwa nini.

Ndani ya ofisi mtandao unakuja na kuondoka kama upepo unaogusa pazia. Mahali pa uhakika zaidi, alinieleza, ni dunguni. Tulitembea hadi shambani, kwenye dungu linalotumiwa kulindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, tukapanda ngazi ya miti. Kutoka juu unaona vilele vya mikoko hadi mbali. Hapo nilifungua kompyuta mpakato, nikaiunga na simu, nikaanza kutazama pakiti moja baada ya nyingine.

Swali la jina ni kitu kidogo sana, pakiti moja isiyo na stakabadhi. Likipotea njiani hakuna anayekuarifu. Aliyeuliza husubiri. Kwenye mifumo mingi ya Linux kusubiri huko ni sekunde 5 kabla ya kuuliza tena, na kama la pili nalo limepotea, programu imeshakata tamaa. Muunganisho wa kawaida wa kutuma data una subira nyingine: pakiti ya kwanza isipojibiwa, inarudiwa baada ya sekunde 1. Mtandao unaokaa kwa muda mfupi kisha unazima unaweza kukamilisha kutuma mzigo mzima wa siku ndani ya muda ambao swali la jina bado linasubiri. Karani hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na macho, na alikuwa ameona sawasawa: namba inafika.

Hapo ndipo 300 ilipoonekana kwangu kwa upande wake wa pili. Karani anapima, anaandika, anasubiri mvuvi mwingine afike, anatuma. Kati ya kutuma na kutuma dakika tano zinapita kila mara. Kwa umri wa dakika tano, kila anapotuma jibu limeshakufa na swali linaanza upya, likiwa na nafasi ileile ya kupotea. Kwa umri wa siku nzima anauliza asubuhi, basi. Wingu kwa tabia yake linavuta kwenda kwenye ufupi. Ukiielekeza rekodi ya Route 53 moja kwa moja kwenye kigawa mzigo cha Amazon, umri wake ni sekunde 60 na huwezi kuubadilisha, ili seva zinazoanguka ziondolewe na mpya ziingizwe bila mtumiaji kuhisi. Kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, ambaye mtandao wake haukatiki, huo ni mpango mzuri sana na ninauunga mkono. Kwenye ankara hauna hata gharama, maana maswali ya rekodi iliyoelekezwa hivyo hayatozwi. Gharama halisi inalipwa dunguni, na ankara haiioni.

Usiku nililala kwa mama mmoja jirani na msikiti, ambaye alinipikia wali wa nazi na kamba wa kukaanga na hakutaka kusikia habari ya malipo. Aliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia natunza majina ya kompyuta, ili mtu akilitaja jina apelekwe panapostahili. Akasema, "Basi mwanangu, usiyabadilishe ovyo. Huku habari inachelewa kufika." Nikaahidi.

Baada ya chakula nilichora upya mpango mzima kwa mwanga wa taa ya sola, na ulitoka tofauti na ule niliotoka nao mjini.

Jina moja linakuwa mawili. La kwanza ni la wanunuzi na viongozi, wanaosoma taarifa: hilo liende Cape Town, kwenye kigawa mzigo, kwa sekunde 60 zake. La pili ni la madiko, wanaotuma: hilo libaki Dar es Salaam, kwenye mashine mpya ndogo ya kupokelea, yenye namba ileile iliyoko kwenye karatasi, ikihifadhi mizigo na kuisukuma Cape Town njia inapokuwepo. Mkongo ukikatika tena, mizani ya Maparoni itaendelea kuandika na Cape Town itasubiri. Umri wa jina la pili ni 86400. Sikuona faida ya kwenda juu zaidi, maana seva za kuulizia zinazotumia programu ya Unbound, ambazo ni nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida hazihifadhi jibu zaidi ya siku moja hata ukiliandikia wiki.

Rekodi zenyewe zisiwe mahali pamoja. Ushauri wa kuweka seva za majina mbalimbali, kwenye mitandao na maeneo tofauti, uliandikwa rasmi mwaka 1997, na msimu wa mafuriko ulionyesha kwa nini. Route 53 inakupa seva nne zilizotawanywa chini ya vikoa vinne tofauti, ni kinga nzuri, lakini kwa delta lazima iwepo na ya ndani ya nchi inayofikika kupitia TIX. Route 53 haikubali seva nyingine inakili rekodi zake kwa njia ya zamani ya kuhamishiana eneo zima, kwa hiyo rekodi zitaandikwa kwenye faili moja, na programu itazipeleka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ni ya ziada, na nitaitetea mbele ya yeyote atakayesema ni ya bure.

Kwenye ofisi ya diko nitafunga ruta ndogo ya sola yenye programu ya dnsmasq, ambayo hukumbuka majina 150 bila kuongezewa chochote. Tangu mwaka 2022 inaweza pia kuruhusiwa kutoa jibu lililopita umri wake kidogo huku ikiuliza jipya kimyakimya. Seva kubwa za kuulizia ziliruhusiwa jambo kama hilo kwa maandishi mwaka 2020: mwenye mamlaka asipofikika, jibu la jana ni bora kuliko ukimya. Nahodha asingekubali kwa kina cha maji. Kwa anwani ya seva isiyohama, ni sawa kabisa.

Na kuna tahadhari moja ambayo kwenye mji wenye mtandao mzuri haisikiki sana. Rekodi isifutwe kwanza ndipo mpya iandikwe. Akitokea mtu akauliza katikati hapo, atajibiwa kwamba jina halipo, na jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa Route 53 hukaa dakika 15. Dakika 15 za mtandao mzuri dunguni zinaweza kuwa ndizo pekee za jioni ile. Rekodi hubadilishwa ikiwa imesimama, na seva za majina za zamani huachwa zinajibu siku kadhaa baada ya kuhama, hadi kila aliyekumbuka maelekezo ya zamani awe ameyasahau kwa wakati wake.

Lililobaki lilikuwa siku. Nilikuwa nimekuja na tarehe iliyochaguliwa ofisini, mwisho wa mwezi, wikiendi. Asubuhi nilimwuliza karani mzigo unakuwa mwingi lini. Akashangaa kwamba sijui. Bamvua, akasema. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, kaa wanatoka, kamba wanapita, matenga yanajaa hadi nje na anatuma mpaka usiku. Katikati yake ni maji mafu, mwezi saba au nane kwa hesabu ya kuandama, na tena mwezi ishirini na mbili: maji hayana nguvu, wengi wanaburuta vyombo juu na kutengeneza nyavu. Tulihesabu pamoja kwenye kalenda ya msikitini. Tarehe ya ofisini ilikuwa inaangukia bamvua kubwa.

Nahodha alikuwa ananiita, maji yameanza kurudi. Nikaandika kwenye daftari: mwezi kumi na tisa, jina la wanunuzi lishushwe hadi 300. Mwezi ishirini na mbili, mashine mpya ipokee namba ya zamani Dar es Salaam, na jina la wanunuzi liende Cape Town. Ruta ya Maparoni ifike na boti kabla ya hapo. Jina la madiko lisiguswe. Karani akasoma, akaniuliza kama karatasi ya ukutani aibandue. Nikamwambia aiache mpaka ruta itakapofungwa na yeye mwenyewe aone kwa macho yake kwamba jina linafika upesi kama namba, halafu aamue.